Radhi ya Blanketi

Siku ya kwanza nilipobisha mlango wake, yule mzee wa Kiingereza aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomjibu Zanzibar, alinyoosha kidole kwenye kapu langu na kusema, kwa Kiswahili kabisa, "Lete mzigo. Upesi. Simama hapo."

Nilisimama kweli, kwa mshangao wala si kwa utiifu. Ulikuwa mwaka wa saba tangu tuondoke kwetu baada ya mapinduzi, na katika miaka yote hiyo hakuna Mwingereza aliyewahi kunisemesha kwa lugha yangu. Leo amepatikana mmoja, naye ananituma kama mpagazi. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba kaunsili, yaani serikali ya mtaa, inanilipa nipige deki, nimpikie na kumfulia, na akitaka mzigo wake upesi basi aubebe mwenyewe. Akacheka mpaka akapaliwa, ikanibidi nikamletee maji.

Ndiyo ilikuwa kazi yangu Ilford, pembeni mwa London, wakati ule, kuzungukia nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Yeye alikuwa amekaribia miaka themanini, mjane, mtoto wake mmoja yuko Australia. Nilikuwa kwake Jumanne na Ijumaa mchana. Alikaa siku nzima kwenye kiti kimoja karibu na dirisha, na jua likizunguka alasiri lilimpiga usoni moja kwa moja, akaniomba nimvutie pazia. Pazia lile lilikuwa zito, limekwama kwenye fimbo yake, ukilivuta linadondosha vumbi. Nililivuta huku nikinung'unika, naye akasema "Upesi," kwa kunichokoza.

Kiswahili chake chote, ukikihesabu, hakikuzidi maneno ishirini. Lete, simama, upesi, mzigo, maji, kimya, amka. Hakuwa na tafadhali, hakuwa na ahsante, wala hakujua pole. Nikamwambia siku moja kwamba Kiswahili chake hakina adabu hata chembe. Akasema ndicho alichofundishwa vitani, na hakuna aliyemwambia kama kuna kingine.

Kilichotufanya tuzoeane ni miguu yake. Alikuwa amevimba vifundo, na nesi akaniambia nimwogeshe miguu kila nikija. Nikaleta beseni, nikamvua soksi. Vidole vyake havikuwa na kucha karibu vyote, na nyama ya pembeni ilikuwa na vishimo vishimo, vilivyopona zamani na kuacha makovu meupe. Mzee akaanza kunieleza kama alivyozoea kuwaeleza wengine, kwamba yeye alikuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa ujanani, na viatu vya enzi zile vilikuwa vibaya.

"Hii si kazi ya mpira," nikamwambia. "Hii ni kazi ya funza."

Madaktari wangapi wa London walikuwa wameitazama miguu ile, wakaandika viatu, wakaandika baridi, mmoja akaandika sukari. Mie nimekulia shamba, Unguja, nimeona miguu ya namna hiyo kabla sijajua kusoma.

"Funza," alisema, na akalitamka sawasawa. Likawa neno la kwanza la Kiswahili nililolisikia kwake ambalo si amri.

Tangu siku hiyo akawa na hadithi. Nikipiga deki anazungumza, nikimenya viazi anazungumza, na mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja tu, kwa maana mpira sijaupenda. Alinipa kikombe cha chai akanilazimisha nikae.

Baba yake alikuwa kuli bandarini, upande huu huu wa mashariki ya London. Yeye aliingia kiwanda cha gesi akiwa na miaka kumi na minne, akicheza Jumamosi baada ya kazi, mpaka klabu moja ikamwambia aache gesi, watamlipa acheze. Mama yake aliona aibu. Alimuuliza majirani watawaambiaje, kwamba kijana mzima analipwa kukimbiza ngozi ya ng'ombe? Alikaa wiki mbili hazungumzi naye. Kisha siku moja alikuja uwanjani amejifunika shela kichwani ili asijulikane, akamwona akitoka pembeni kulia na mpira, watu elfu wanasimama, na tangu hapo akawa ndiye anayempaka mafuta viatu vyake. Mpira wa zamani ulikuwa na kamba, ukilowa mvua unakuwa mzito kama mtungi, na ukiupiga kwa kichwa kamba inakuchana. Alinionyesha kovu kwenye paji la uso. Kovu hilo alilipenda, alilishika mara kwa mara akizungumza.

Vita vilipoanza, magazeti yakaanza kuwasema wachezaji. Wenzao wanakufa, wao wanakimbia na kaptula. Jumamosi moja, wakati wa mapumziko, maofisa waliingia uwanjani na ngoma, wakauliza nani mwanamume. Jukwaa zima lilikuwa linamtazama yeye, aliniambia, na hao ndio waliokuwa wakimshangilia dakika tano kabla. Akatia saini juu ya majani, na jezi mwilini.

"Ungekataa?" nilimuuliza.

"Mbele ya watu wale?" akasema.

Hapo nilimhurumia, nasema kweli. Najua watu wakikutazama kwa jicho moja inakuwaje.

Hawakumpeleka Ufaransa. Jeshi lilimweka melini mpaka Mombasa, kisha bara, kusini kabisa, kuwafukuza Wajerumani msituni. Funza walimwingia mwezi wa kwanza. Viatu vilioza, vidole vikavimba, akashindwa kutembea, na kwa mtu ambaye miguu ndiyo riziki yake ilikuwa kama kuambiwa umeshakufa. Aliyemwokoa alikuwa mpagazi mmoja. Mtu huyo alikaa mbele yake kila jioni na mwiba wa mdimu, akamtoa funza mmoja mmoja, na mfuko wake wa mayai mzima bila kuupasua, kisha akasugua majivu. Wakipumzika kambini, wapagazi walicheza mpira wa matambara, na mzee akajiunga nao. Basi yule mtu wa mwiba, peku, akamnyang'anya mpira. Akamnyang'anya tena. Kila alipomwendea alimkuta kasimama pale pale anapotaka kupita, anacheka.

"Nimecheza na mabeki wa nchi nzima hii," mzee akaniambia, "hakuna aliyenisoma kama yule."

Alimwita Beki. Jina lake hakuliuliza. Wapagazi walikuwa na namba, na waliokuwa chini yake walikuwa arobaini, na hakuna aliyeona haja.

Hapo mimi nilikuwa na neno moyoni, lakini nililimeza. Babu yangu, baba yake mama, alichukuliwa vita hivyo hivyo. Serikali ilikuwa ikitafuta wapagazi Unguja na Pemba, yeye akachukuliwa kutoka shamba, bibi akiwa na mimba ya mama. Hakurudi. Haikuja barua, haikuja habari. Kila mwaka mwezi wa Shaabani mama humsomea khitma baba ambaye hakumwona, Unguja kwanza na kisha Ilford, katika chumba chetu juu ya duka la viatu, na kila mwaka akimaliza husema maneno yale yale: "Sijui alizikwa wapi. Wala sijui kama alizikwa." Sikumwambia mzee haya. Babu yangu si habari ya kunywea chai.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Kwetu, mtu hauingii mwezi huo na haki ya mwenzio shingoni; tunapita nyumba kwa nyumba tunaombana radhi. Wiki iliyotangulia nilimfokea mzee kwa sababu ya maziwa aliyoyaacha yakamwagika kwenye jiko nililolisugua muda huo huo. Kwa hivyo nilipovaa koti niondoke nikamwambia, "Niwie radhi kama nimekukosea."

Akauliza maana yake. Nikamweleza, na kwa kujiona mjuzi nikaeleza kwa urefu. Nikasema Mungu husamehe haki zake mwenyewe, lakini haki ya mtu haifutiki mpaka mwenyewe akuwie radhi. Ukimdhulumu mtu, umtafute.

"Na kama amekufa?"

"Warithi wake."

Aliniambia nikae. Nikakaa na koti langu mwilini.

Mwaka wake wa pili huko, msimu wa baridi, Beki alishikwa na tumbo la kuhara damu. Alitembea nalo siku tatu na mzigo kichwani. Siku ya nne alianguka. Amri ilikuwa moja: asiyeweza kutembea anaachwa, mzigo unagawanywa, blanketi linachukuliwa, kwa sababu blanketi ni mali ya jeshi na wanaotembea wanalihitaji. Mzee ndiye aliyemsimamia. Alilivuta blanketi lile kutoka mwilini mwa yule mtu kwa mikono yake. Alisema lilikuwa bado na joto.

"Jambo moja tu jema nililomfanyia," akasema. "Alikuwa amejilaza jua linampiga usoni. Nikamvuta nikamgeuzia kwenye kivuli. Akajigeuza tena kwenye jua. Alikuwa amepandwa na homa, hajui alifanyalo. Nikamgeuza tena kivulini. Angalau nilimwacha kivulini." Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Wewe ni mtu wa kwao. Unaweza kuniwia radhi?"

Nilisikia damu ikinipanda. Si kwa ajili ya blanketi. Blanketi nililielewa, vita ni vita. Nilimuuliza jua lilikuwa upande gani. Akasema wakati ule wa mwaka, kule kusini, jua la mchana hukaa kaskazini. Na kutoka kule, nikajisemea, kibla ni kaskazini.

Yule mtu hakuwa amepandwa na homa. Alikuwa anajua kwamba anakufa, hana wa kumlaza, akajilaza mwenyewe ubavu wa kulia, uso kibla, kama tunavyolazwa sote. Na huyu akamgeuza. Mara mbili.

"Siwezi," nilimwambia. "Mimi si mrithi wake. Radhi haitolewi kwa niaba."

Nikatoka. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kiti chake, nikamsikia akiomba pazia. Nilijifanya sikusikia.

Nyumbani nilikuwa naweka masufuria kwa kishindo. Mama alikuwa juu ya msala wake, akanyamaza mpaka alipomaliza nyuradi zake, ndipo akaniuliza, "Masufuria yamekukosea nini?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atalia, au atakasirika kuliko mimi, na kusema kweli nilitaka akasirike. Aliuliza tu, "Alijigeuza mara ngapi?"

"Mama, sijui. Huyu kamgeuza mara mbili."

"Sijakuuliza alivyogeuzwa. Nimekuuliza alivyojigeuza." Akakunja msala. "Jumanne nipeleke."

Nikabishana naye Jumamosi na Jumapili. Nikamwambia yule mpagazi si babu, huenda alikuwa Myao, huenda alikuwa mtu wa Pemba, Mungu ndiye ajuaye, na sisi hatuna idhini ya kutoa haki ya mtu mwingine. Kwa dini nilikuwa na hoja, na mama alijua hivyo.

"Ya yule sitoi," akasema. "Natoa yangu. Kuna mtu alimwacha baba yangu njiani, hakuja kuniomba. Amekuja huyu. Na sisi, mwanangu, siku ile tulivyoondoka kwetu, tulimwomba nani radhi? Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta sikumuaga. Nani anatuwia sisi?"

Nikanyanyuka nikatafuta saa za basi la Jumanne.

Jumanne mama alivaa koti lake juu na kanga chini, akapanda basi kwa mara ya kwanza tangu goti limshike. Mzee alikuwa amefunga tai. Mimi nilikuwa nimempigia simu asubuhi kumwambia mama anakuja, ila sikumwambia kwa nini, lakini alijua. Nilikuwa nimemfundisha neno moja kwenye simu, nikamrudisha mpaka likakaa. Mama alipokaa tu mzee akalisema, akitazama chini: "Niwie radhi."

Alilisema vibaya kidogo. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea salamu, akanigeukia.

"Muulize alijigeuza mara ngapi."

Nikauliza. Mzee akafumba macho.

"Mara tatu, ukihesabu ya kwanza alipojilaza," akasema. "Ya tatu sikukwambia. Sijamwambia mtu. Tulikuwa tumeshaondoka, wenzangu wananiita. Nikageuka nyuma, nikamwona ameshajigeuza tena, uso juani. Nilitaka nirudi nimtoe. Ilikuwa hatua hamsini tu. Sikurudi. Mimi niliyekuwa nikikimbia uwanja mzima. Hilo ndilo linaloniamsha, kuliko hata blanketi."

Nilimfasiria mama neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza. Mama aliweka mkono kifuani.

"Alhamdulillahi," akasema. Machozi yakawa yanamtoka waziwazi wala hakuyafuta. "Mwambie nimemwia radhi. Ya blanketi, na ya kumwacha njiani."

Nikamwambia. Mzee akauliza, "Na ya kutorudi kumweka kivulini?"

Nikafasiri. Mama akaniambia, "Mwambie hiyo hasa. Hiyo nimemwia radhi kuliko zote."

Nilimwambia. Naye, mzee mzima aliyesimama mbele ya jukwaa la watu elfu, akafunika uso kwa mikono miwili. Hakujua amesamehewa nini. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao na ukweli wote mdomoni, na ulikuwa unanichoma. Nilitaka ajue. Nilitaka ajue kwamba kile kivuli anachojivunia kilikuwa ndicho dhuluma, na ile dhambi inayomwamsha ndiyo hisani pekee aliyomfanyia yule mtu. Nikafungua mdomo. Mama, bila kunitazama, akasema kwa Kiswahili, "Usimweleze. Keshakuwa mtu mzima. Mwachie kivuli chake."

Nikafunga mdomo. Nikaenda kuchemsha maji ya chai.

Kwenye basi mama alikaa dirishani. Tulipokaribia kushuka akasema, "Hawakuhitaji mtu wa kuwalaza."

"Kina nani, mama?"

"Wao. Walikuwa wakijigeuza wenyewe." Mwaka uliofuata, Shaabani ilipofika, alisoma khitma, akamaliza, akaikunja juzuu yake, na yale maneno ya kaburi hakuyasema. Hakuyasema tena mpaka alipofariki.

Mama alimwia radhi siku ile ile, na ikaisha. Mimi nina moyo mzito. Niliendelea kwenda kwa mzee Jumanne na Ijumaa, nikapiga deki, nikamwogesha miguu ile yenye vishimo, na nikamkasirikia kimoyomoyo. Yeye alikuwa mwepesi sasa, ananitania, amejifunza kusema ahsante, ananihadithia mabao yake ya zamani na kila mara mabeki wanazidi kuwa wakubwa. Alasiri akiomba pazia nilimvutia, kwa sababu ni kazi. Sikumvutia kabla hajaomba.

Majira ya joto alidhoofika. Kitanda chake kilishushwa chini, sebuleni, penye dirisha lile lile. Ijumaa moja nilimkuta hazungumzi tena, anapumua kwa shida, macho nusu. Nesi alikuwa ameshakuja akaondoka, akaniambia si muda mrefu. Nilileta beseni kwa mazoea tu, nikamvua soksi, nikamwosha. Nilipitisha kidole kwenye vishimo kimoja baada ya kimoja. Mtu alikaa hapa, niliwaza, mahali pangu hasa, na mwiba mkononi, akafanya kazi nzuri. Hakuna kidonda hata kimoja kilichooza.

Jua likazunguka. Likaingia dirishani, likapanda shuka, likafika usoni kwake. Alikunja uso. Alijaribu kugeuza kichwa upande wa ukutani, hakuweza. Wala hakuweza kuomba.

Nikafuta mikono, nikanyanyuka, nikalivuta pazia mpaka mwisho.